Geji ikishuka alfajiri, gesi haijavuja

Nimetumiwa tena picha ya geji ya breka, ile swichi kubwa ya kituo cha umeme inayokata laini ndani ya chumba kilichojazwa gesi ya SF6. Sindano iko chini kidogo ya alama ya kujazia, picha imepigwa alfajiri ya Julai hapa Arusha, na ujumbe ni ule ule wa kila msimu wa baridi: "Shikamoo mzee, breka imevuja, tuongeze gesi kiasi gani?" Marahaba, kijana wangu. Msiongeze chochote.

Geji ya kawaida, kama ile ya kwenye mashine ya kujazia, inapima presha. Breka inaishi kwa densiti, yaani wingi wa gesi katika nafasi yake. SF6 iliyofungwa ndani ya chumba ikipoa, presha inashuka ilhali kilo zilizomo ni zile zile. Chumba kilichojazwa baa 6 za presha kamili (ikihesabiwa kuanzia utupu) kwenye nyuzi 20 kitakuwa na takriban baa 5.8 kikipoa hadi nyuzi 10. Kinachozuia umeme usiruke kutoka kwenye kontakti kwenda kwenye ganda la alumini, na kinachouzima mwali kontakti zinapoachana, ni wingi wa molekuli katika nafasi ile, kwa sababu molekuli za SF6 hunyakua elektroni huru kabla hazijajenga njia. Baridi haijaondoa hata molekuli moja. Ndiyo maana kiwanda hutaja presha ya kujazia pamoja na joto lake, na jedwali la kusahihisha huja na mtambo. Mara nyingi nalikuta kabatini, halijawahi kufunguliwa!

Sasa pigeni hesabu. IEC 62271-203, kiwango cha kimataifa cha mitambo hii ya gesi, inataka chumba kisivuje zaidi ya asilimia 0.5 kwa mwaka. Kwa baa 6 hiyo ni baa 0.03. Ubaridi wa nyuzi 10 peke yake unashusha sindano kiasi cha uvujaji unaoruhusiwa wa miaka sita au saba. Kwa hiyo usomaji mmoja hauthibitishi uvujaji mdogo, hata msomaji awe na macho makali namna gani. Kinachouthibitisha ni daftari: geji ile ile, joto limeandikwa pembeni, mwezi baada ya mwezi, fezi zote tatu. Fezi moja ikiteremka na wenzake wametulia, hapo chukueni kifaa cha kunusa gesi mkaanze na maungio.

Mtaniambia geji iliyofungwa kwenye chumba chenyewe inajisahihisha joto. Kweli, lakini inasahihisha kwa joto lake yenyewe, ikidhani gesi ina joto hilo hilo. Breka ya nje ikipigwa na jua la saa tatu, kichwa cha geji kinapata moto mapema huku gesi ndani ya ganda nene bado ni ya baridi, na geji inasoma densiti pungufu kuliko iliyopo. Breka ikibeba mzigo mkubwa mambo yanageuka: gesi ina moto kuliko geji. Vitabu huchora joto moja kwa chumba kizima. Mimi sijapata njia ya kuaminika ya kujua wastani wa joto la gesi ndani ya breka yenye mzigo, kwa hiyo nasoma kabla jua halijatoka, mzigo ukiwa mdogo, na bado naiona namba hiyo kama makadirio.

Halafu kuna mwinuko, na hapa ndipo ninapokosa uvumilivu kabisa. Arusha iko karibu mita 1,400. Hewa ya hapa ina presha ya takriban baa 0.86, wakati Tanga ufukweni ni 1.01. Geji ya kawaida husoma tofauti ya ndani na nje, hivyo gesi ile ile itasoma baa 0.15 zaidi hapa. Ukijaza hadi namba ya geji iliyokusudiwa usawa wa bahari, umepunja breka baa 0.15. Moshi utaipunja kama baa 0.1. Wengine nao wakisoma kwamba hali za kawaida za IEC zinaishia mita 1,000, wanataka kuushusha hadhi mtambo wote. Insulesheni ya ndani imefungwa, haijui kama iko Njiro hapa Arusha au Tanga. Kinachoathirika ni bushi za nje zinazopokea laini, yaani vihami vinavyoingiza waya ndani ya ganda. Kwa Arusha zinahitaji nyongeza ya uwezo wa insulesheni ya kama asilimia 5.

Kuongeza gesi ovyo kuna gharama. Kunaficha uvujaji wa kweli, na mpira wa kujazia usiosafishwa unaingiza unyevu, wakati kiwango cha umande (joto ambalo unyevu ulio ndani ya gesi huanza kutona au kuganda) kinatakiwa kisizidi nyuzi 5 chini ya sifuri kikipimwa kwenye nyuzi 20. Kilo moja ya SF6 ikitoroka, inapasha dunia joto kama tani 23 na ushei za kaboni dayoksaidi.

Hatari kubwa zaidi ni fundi aliyechoshwa na alamu, akaunganisha waya kuruka kufuli la densiti, lile linaloizuia breka isifanye kazi gesi ikipungua mno. Uwezo wa breka kukata shoti hujaribiwa kwenye densiti ya chini kabisa inayoruhusiwa. Chini ya hapo hakuna aliyeahidi chochote. Kontakti zinaweza kuachana na mwali ukaendelea kuwaka ndani ya ganda. Kufuli likifunga, breka ibaki kama ilivyo, chumba kitengwe kwa breka za jirani, chanzo kitafutwe, ndipo gesi ijazwe kwa jedwali na kipimajoto mkononi.