Kabla ya kupanda basi, pitia rafu ya 916

Watu wakishajua mi ni mkutubi swali ni lilelile, eti nisome kitabu gani kabla ya kusafiri, na siku hizi sitaji kitabu, natoa namba tu. Mtu mdadisi ukimpa kitabu kimoja umemnyima vyote vilivyokaa jirani nacho.

Iko hivi. Maktaba nyingi za umma na za shule zinapanga vitabu kwa mfumo wa Melvil Dewey, yule Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Historia na jiografia zote ziko kwenye 900. Historia ya Uganda ni 967.61, ya Kenya 967.62, yaani hata kwenye rafu ni majirani. Sasa utamu wenyewe ndo huu: vitabu vya safari vinaanza na 91, alafu unabandika mkia wa nchi. Chukua 967.61, toa ile 9 ya mbele, unabaki na 67.61, iweke nyuma ya 91, umepata 916.761, hiyo ndo Uganda ya wasafiri. Uingereza historia 942, safari 914.2. Siberia 957, safari 915.7. Ukishashika hilo humsumbui tena mkutubi, japo ukweli tunapenda kusumbuliwa. Makerere we utakutana na herufi, maana kule wanatumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Afrika ni DT na Uganda iko DT433.

Kwa nini nawatuma watu kwenye rafu mbili, ya safari na ya historia, badala ya moja? Kwa sababu msafiri anaandika alichokiona siku ile na bas, sababu zake na yaliyofuata baadaye yako rafu ya pili. Mfano mzuri ni Jinja. Tarehe 28 Julai 1862 Speke, msafiri Mwingereza, alisimama pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, akaona maporomoko, akayapa jina la Ripon, mkubwa mmoja wa kwao (kana kwamba wenyeji, ambao mto wanauita Kiyira, walikuwa wanasubiri yeye aje kuwaambia). Nenda leo. Utapanda boti, utaonyeshwa chanzo cha Nile, lakini hayo maporomoko huyaoni, yamezama, maana bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, lilipofunguliwa 1954 maji yalishapanda yakayafunika. Asiyesoma anaona maji yametulia, anapiga selfi, anarudi Kampala akisimama Namawojjolo kununua kuku wa kwenye vijiti, na hana kosa lolote, yule kuku ni mtamu. Ila aliyesoma anajua anaelea juu ya nini. Maporomoko atayakuta 916, bwawa na habari za kutafuta umeme atazikuta 967.

Lakini mimi vitabu vya wazungu waliokuja huku vilishaanza kunichosha, navyopenda zaidi ni vya watu wetu waliokwenda kwao. Mwaka 1902 Katikiro (yaani waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akaongozana na katibu wake Ham Mukasa. Walivuka ziwa, wakachukua treni ambayo reli yake ilikuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu kabla, wakapanda meli Mombasa. Kufika huko mfalme akaugua, akapasuliwa, sherehe ikasogezwa kutoka Juni mpaka Agosti, na mi naona msomaji amefaidika sana na huo ugonjwa, maana wageni walipata muda mwingi wa kuzunguka na Mukasa alikuwa anaandika kila kitu. Aliandika kwa Kiganda, tafsiri ya Kiingereza ikatoka 1904. Kila kitu anakipima kwa vya nyumbani kwao, na ghafla ni London ndo inaonekana ya ajabu, siyo sisi. Hicho ukikitafuta anzia 914.2, siyo 916, wengi wanakikosa hapo.

Na kwa Kiswahili pia vipo jamani! Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwishoni mwa karne ya 19, akasimulia kwa Kiswahili, na Mjerumani mwingine, Carl Velten, akaiingiza kwenye mkusanyo wa safari za Waswahili uliochapwa Ujerumani 1901. Fikiria theluji ya Siberia kwa Kiswahili cha pwani cha enzi hizo. Kwenye maktaba ndogo huwezi kuikuta, ila Lyndon Harries aliiweka tena kwenye kitabu chake cha nathari ya Kiswahili cha 1965, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa hiyo maktaba za vyuo muulizie kwa jina la Harries. Kikiwa chumba cha Afrikana (chumba cha vitabu vya kuhusu Afrika) hakiazimwi, unasoma palepale, kwa hiyo nenda asubuhi na ubebe penseli, maana kalamu ya wino watakuzuia nayo mlangoni.