Hawakukanyagana

Mjomba amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika 4. Kaona video ya zamani ya tamasha la roki huko Ulaya: vijana vifua wazi, tope mpaka magotini, mmoja kabebwa juu ya vichwa vya wenzake kama jeneza. Chini pameandikwa kwamba watu walikufa. "Mjomba, si unaona mwenyewe? Bangi, pombe na muziki wa mashetani. Wamekanyagana kama ng'ombe."

Nilikuwa nimetoka kazini saa kumi alfajiri, masikio bado yanalia. Nikasema safari hii simjibu yeye peke yake. Naandika, wasome na mashemeji, na madereva wa teksi, na yule mtangazaji wa redio anayejijua.

Kazi yangu ni usalama wa umati. Miaka 14 sasa, mingi yake Uingereza, nasimama kwenye ule mfereji mwembamba kati ya jukwaa na uzio wa mbele, mgongo nimempa msanii, uso nimewapa mashabiki. Watu huniambia nina bahati, naona shoo bure. Sijaona hata moja. Nimeona nyuso.

Tuanze na neno lenyewe, maana linanikera kuliko hiyo bangi. Kukanyagana. Likitokea lolote penye watu wengi, vyombo vyetu vya habari vinalo tayari, wala havisubiri daktari aseme. Na neno hili lina uongo mara mbili.

Uongo wa kwanza ni wa mwili. Wengi wanaokufa kwenye umati hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mbavu zinakosa pa kutanukia, kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, hakishuki. Unatoa pumzi, halafu ukitaka kuivuta nyingine haiingii. Dakika chache zinatosha. Kuna watu wamezimia na wakaendelea kusimama, kwa sababu hapakuwa na pa kuangukia. Wanakuja kuanguka umati ukilegea, ndipo shahidi anawaona chini na kuapa kwamba walikanyagwa.

Uongo wa pili ni wa sarufi. Mwalimu wangu wa Kiswahili alituchapa sana kwa ajili ya kauli ya kutendana, sasa acha nayo inisaidie. Wamependana, wamepigana, wamekanyagana: mambo yao wao kwa wao, wamemalizana. Aliyeuza tiketi hayumo kwenye sentensi. Aliyefungua milango miwili na kuifunga mingine yote hayumo. Sema "walibanwa" uone. Hapohapo msikilizaji atakuuliza: walibanwa na nini? Na nani aliweka hicho kitu hapo?

Chukua Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Desemba 1979. Bendi ya roki ya The Who inapiga ukumbi wa Riverfront Coliseum. Tiketi zaidi ya 18,000, na nyingi hazina namba ya kiti: anayewahi ndiye anayekaa mbele. Kwa hiyo watu wamefika tangu mchana, kwenye baridi, na maelfu wamejazana mbele ya milango. Bendi imechelewa kujaribu vyombo. Walio nje wanasikia muziki ndani, wanadhani shoo imeanza na wao bado wako nje. Wa nyuma wanasogea. Milango iliyofunguliwa ni michache. Wakafa 11, mdogo wao wa miaka 15.

Hebu rudia hiyo picha polepole. Walikufa kwenye foleni. Shoo ilikuwa haijaanza. Huo muziki wa mashetani ulikuwa haujapigwa. Tena ndani shoo ikaja kupigwa mpaka mwisho, na wanamuziki wenyewe wakaambiwa baada ya kushuka jukwaani.

Magazeti yakaandika kuhusu vijana walioshikwa na wazimu. Miaka kadhaa baadaye mwanasosholojia wa mji huohuo, Norris Johnson, akapitia maelezo ambayo mashuhuda waliyatoa polisi. Ile hofu ya kichaa iliyoandikwa hakuikuta. Alikuta watu waliojaribu kusaidiana kadiri nafasi ilivyowaruhusu, na nafasi ndiyo iliyokuwa haipo.

Halafu viatu. Picha za usiku ule zinaonyesha viatu vimetapakaa chini, na viatu vinadanganya kila mtu. Mjomba akiona viatu anasema: wametoka mbio. Hapana. Ukibanwa sawasawa, umati ukayumba, unanyanyuliwa. Miguu inaacha ardhi, kiatu kinabaki, unashushwa mita 3 mbele na soksi. Nimemtoa dada mmoja juu ya uzio akiwa pekupeku, na neno lake la kwanza halikuwa asante, lilikuwa "raba zangu." Alizinunua wiki ile.

Nikifundisha vijana wapya natandika kanga. Nilianza kwa utani, sasa siwezi kufundisha bila hiyo. Kanga ina upana wa zaidi kidogo ya mita 1 na urefu wa kama mita 1 na nusu. Simamisha watu 3 juu yake: kila mtu anacheza, hiyo ndiyo hesabu ya kawaida ya tamasha la nje, watu 2 kwa mita ya mraba. Weka 6: mabega yanagusana, bado mnaweza kuimba. Weka 8, utani unaanza kupungua. Ukifika 11, hamna watu tena, mna kitu kimoja kizito. Mhandisi wa Kimarekani John Fruin, aliyechunguza majanga haya kwa miaka mingi, aliweka mpaka hapo, watu 7 kwa mita moja ya mraba: umati unakuwa kama maji. Mtu mmoja akiegemea huku, wimbi linatoka kule. Hakuna aliyeamua kulituma, hakuna awezaye kulizuia. Kuna majanga ambayo vyuma vya kuegemea vilikutwa vimepinda.

Hapo ndipo mtu ananiambia: mbona kwenye daladala tunabanwa kila siku na hatufi? Swali zuri, na nalipenda kuliko la bangi. Kwenye daladala konda akishagonga bati na mlango ukafungwa, anayeongezeka hayupo. Mmeumia mlivyoumia, imeishia hapo. Kwenye uwanja mlango wa nyuma haufungwi. Fikiria kituo cha mwendokasi Kimara asubuhi: mtu wa mwisho kwenye foleni anasukuma kidogo tu, kwa begi, kwa kiwiko, anauliza "mbona hatusogei?" Hana nia mbaya. Sasa weka elfu 10 wa namna hiyo, wote wakisukuma kidogo kuelekea upande mmoja, na mbele weka chuma. Wa mbele wanapiga kelele. Wa nyuma wanasikia kelele, wanadhani raha imekolea.

Na uwanja wala hauhitaji kujaa. Hili waandaaji hawalielewi, wananionyesha karatasi: "Uwezo ni elfu 30, tumeuza elfu 25." Karatasi inasema wastani, na wastani haujawahi kubana mtu. Roskilde, Denmark, tarehe 30 Juni 2000, bendi ya Pearl Jam jukwaani: ni eneo la wazi, watu kama elfu 50, nyuma nafasi tele. Mvua imenyesha, chini panateleza. Karibu na jukwaa watu wakaanguka, pakafunguka shimo, waliokuwa wamewaegemea wakaangukia humo. Eddie Vedder, mwimbaji, aliwaomba mashabiki warudi nyuma hatua 3. Vijana 9, wote wanaume, wakafa. 8 usiku ule na mmoja siku chache baadaye. Ukigawanya eneo lote kwa idadi ya watu, hesabu inatoka nzuri kabisa.

Kuhusu roki yenyewe nitapita haraka. Kinshasa, Oktoba 2022, Stade des Martyrs, Fally Ipupa: 11 walikufa, na ule ni muziki wa kucheza kwenye harusi. Moshi, Februari 2020: 20 walikufa kwenye mkusanyiko wa ibada, wakiyaendea mafuta ya upako. Kakamega, mwezi huohuo: wanafunzi 14 wa shule ya msingi, kwenye ngazi, wakitoka darasani. Nitafutie bangi hapo.

Ila Moshi inanileta kwenye jambo ambalo Kiswahili kinalisema vizuri kuliko vitabu vyangu vya kazi. Kuna kukimbia, na kuna kukimbilia. Kila mtu anadhani umati unaua unapokimbia kitu: moto, risasi, nyoka. Inatokea, ndiyo. Lakini ukizipanga ajali za matamasha, nyingi ni za kukimbilia. Mbele kuna kitu ninachokitaka na naamini kinaisha: nafasi ya mbele, mlango, wimbo wa kwanza, baraka. Na anayekimbilia si mwendawazimu. Nani alimwambia kwamba kinaisha? Aliyeuza tiketi zisizo na namba. Aliyechelewa kufungua. Aliyejaribu spika wakati milango imefungwa. Cincinnati walilielewa hilo, wakapiga marufuku tiketi za kugombea nafasi; marufuku ile ikaja kuondolewa mwaka 2004.

Sasa nikubali ya kukubaliwa, maana wenzangu wa kazi wakisoma mpaka hapa watasema nawapaka mafuta mashabiki. Mashabiki wana adabu mbaya, mtanisikia hilo kwangu. Nimerushiwa glasi iliyokuwa na kitu ambacho si bia. Kuna wanaong'oa uzio wa nje waingie bure, na kila anayeingia hivyo haonekani kwenye hesabu yangu. Kuna wanaume wanaojificha kwenye msongamano wapapase wasichana. Hao ningekuwa na ruhusa ningewatoa kwa masikio. Na yule anayepita juu ya vichwa na buti la ngozi, mara nyingi anatua kwenye shingo ya msichana mdogo kuliko wote. Wanaumiza, ndiyo. Lakini siku nikiwatoa wote hao na uzio ukabaki umekaa vibaya, watu wenye adabu njema watakufa kwa adabu njema.

Halafu kuna jambo linalonikosesha raha: uzio ninaousimamia ndio ukuta wanaobanwa nao. Tunauweka kuwalinda wa mbele, na ni kweli unalinda. Tunaukata vipande ili wimbi lisisafiri mbali, na ni kweli linakatika. Lakini kila chuma ninachoongeza ni kifua cha mtu siku moja. Kuna wenzangu wanaamini vyuma vingi zaidi. Mimi nabadilika kila msimu.

Na zile namba za kanga? Nazijua kwa moyo, lakini usiku, taa zinawaka na kuzima, moshi umetanda, siwezi kuhesabu watu kwa mita ya mraba. Nani anaweza? Naangalia nyuso. Naangalia kama vichwa vinacheza kila kimoja kivyake au vinalala pamoja kama mpunga kwenye upepo. Naangalia mikono: aliyezidiwa hawezi tena kuinyanyua. Zaidi ya yote naangalia midomo. Safu za mbele zikiacha kuimba wimbo wanaoujua, nywele zinanisimama. Hicho si kipimo cha kisayansi, na sitakwambia ni kipimo.

(Ukijikuta humo: mikono mbele ya kifua kama bondia, usiokote simu iliyoanguka, usishindane na wimbi likija. Likirudi, jisogeze kwa mshazari kuelekea pembeni. Kiatu kikitoka, kiache.)

Linalobaki ni kusimamisha shoo, na hapa sina uhakika hata kidogo. Houston, Novemba 2021, tamasha la Astroworld: wakuu wa zimamoto walishatangaza kwamba majeruhi ni wengi kuliko kawaida, na muziki ukaendelea kwa zaidi ya nusu saa. Wakafa 10, mdogo wao wa miaka 9. Ukisoma hayo kitini ni rahisi kusema, si wangezima tu! Lakini Cincinnati nao hawakuzima, kwa kuogopa kwamba waliomo ndani wakiambiwa watafanya fujo na kumwagika nje, walikokuwa waokoaji. Nimewahi kuusikia uoga huo tumboni mwangu.

Usiku mmoja, ukumbi wa ndani, bendi siitaji, niliona midomo imefunga. Safu 3, labda 4. Nikageuka, nikapishanisha mikono juu ya kichwa: zima. Msimamizi wa jukwaa akazima. Taa zikawaka, watu wakarudi nyuma hatua mbili, tukatoa wanne waliokuwa wamechoka, hakuna aliyeumia. Dakika 6 za kuzomewa. Bosi akaniuliza uliona nini hasa, nikamwambia midomo, akaandika kitu kwenye daftari lake kwa muda mrefu kuliko neno "midomo." Sikupangiwa kazi ukumbi ule kwa miezi mitatu. Je, niliokoa mtu, au niliwaharibia shoo watu elfu 4 kwa sababu ya wimbo ambao pengine walikuwa hawaujui vizuri? Sijui. Umati usiokufa hauachi ushahidi.

Nilimtumia mjomba haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Alikaa kimya siku mbili. Jana kanijibu, ujumbe wa sauti wa sekunde 7.

"Nimekuelewa, mjomba. Walibanwa. Lakini bangi walivuta."

Walivuta.