Weka samaki mezani kwanza

"Ekspreshonisti, yaani mchoraji anayepindisha umbo na rangi ili kuonyesha hisia, haangalii kitu, anachora anavyojisikia." Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii aliyeitamka ana shahada ya sanaa na aliisema mbele ya wanafunzi wangu, nao wakaitikia kwa vichwa. Uvumilivu wangu umeishia hapo.

Shahidi anayeletwa kila mara kutetea porojo hii ni mchoraji Chaïm Soutine. Kazaliwa 1893 Smilavichy, karibu na Minsk, Belarus ya leo, akaingia Paris 1913. Alikuwa maskini wa kutupwa. Mwaka 1925 Soutine alikuwa anachora mzoga wa ng'ombe. Mzoga kama huo aliouchora Mholanzi Rembrandt mwaka 1655 ulikuwa Louvre, jumba la makumbusho la Paris, na Soutine alikuwa ameutazama hadi kuushiba. Angekuwa anachora kutoka moyoni tu, si angefumba macho akaanza? Alichofanya ni kununua ng'ombe aliyechinjwa na kumtundika studioni. Nyama ilipoanza kukauka na kupauka, akawa anaimwagia damu ili wekundu urudi. Nzi wakajaa, majirani wakalalamikia uvundo, watu wa afya wakafika mlangoni. Nani anavumilia hayo kwa ajili ya kitu asicho na haja ya kukiangalia?

Ni kweli hakuanza na rasimu ya penseli. Aliivamia turubai moja kwa moja, tena kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Wanasahau kwamba picha zake nyingi alizichana mwenyewe. Mtu anayeridhika na chochote kinachomtoka moyoni atachana turubai ya nini?

Sasa tuje kwenye zoezi la kuchora ugali, maana ndilo linalowaumbua wengi. Mwanafunzi anaminya nyeupe kutoka kwenye tyubu, anaibandika katikati ya turubai, anaizungushia nyekundu ya hasira, kisha ananiambia hizo ni hisia zake. Sawa, hisia nimeziona, ugali uko wapi? Sembe iliyosongwa haina weupe wa tyubu hata siku moja. Upande unaoelekea dirishani umepoa, unakaribia bluu. Upande uliopakana na mchicha umeazima kijani. Palipomegwa pana unyevu, panang'aa. Juu pameshaota ngozi na mng'aro umekufa, na ukiuacha ugali mezani ngozi hiyo inaanza kupasuka huku bado unahangaika na kivuli cha sahani. Ukishayaona hayo, ndipo unapokuwa na kitu cha kutilia chumvi. Kile kijani cha kuazima, ukitaka kukipandisha hadi kimtie mtazamaji kichefuchefu, kipandishe. Kilikuwepo, wewe umekiongezea nguvu tu. Nyekundu yako ya hasira haikutoka popote, ndiyo maana haimgusi mtu yeyote.

Brashi, kisu cha rangi, vidole, tumia unachotaka, hapo sina ugomvi. Rangi ya akriliki kwa joto la Dar inakukaukia kwenye paleti kabla hujafikiri, kwa hiyo mimi natumia rangi ya mafuta.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalonikosesha raha. Ile picha ya Soutine ya samaki aina ya heringi, ya mwaka 1916 hivi: samaki watatu kwenye sahani, uma mbili zimewajia kama mikono iliyokonda. Wanaoiandika wanasema ni njaa, na mimi nikiitazama naiona njaa. Ila je, ningeiona kama nisingejua kwamba mchoraji alishinda na kulala bila kula, na kwamba kidonda cha tumbo ndicho kilichomuua 1943? Nimewaonyesha watu wasiomjua kabisa. Wengine waliona ukatili, na mmoja alicheka, akasema zile uma zinagombea samaki. Kwamba Soutine aliwatazama wale samaki kwa macho makali, hilo nitalisimamia popote. Kwamba njaa imo kwenye rangi yenyewe na hatujaiingiza sisi kwa sababu ya kusimuliwa maisha yake, hapo naamini tu. Siwezi kulithibitisha, na darasani huwa napita haraka.

Mnaouliza kama mnaweza kuchora kwa kuangalia picha ya simu, jibu ni hapana. Simu imeshawaamulia rangi, na samaki wa kwenye simu habadiliki. Nendeni Feri, soko la samaki la Dar, alfajiri mkanunue kibua. Akiwa mbichi, mgongo una bluu na kijani vinavyohama ukisogeza kichwa, na jicho ni jeusi, limejaa. Kadiri joto linavyopanda, jicho linaingia ukungu, tumbo linalegea, fedha inageuka kijivu, na kijivu hicho ukikichanganya kwa nyeusi na nyeupe kitakuwa cha saruji. Changanya bluu na rangi ya chungwa, kisha nyeupe kidogo kidogo. Mkimaliza msimpike. Atakuwa ameshinda mezani mchana kutwa.