Je, wajua? Mashine iliyogawa Mew haikuwa na Mew ndani yake

Mwaka 1999, watoto wa Marekani walipanga foleni kwenye maduka ya Toys R Us, kila mmoja na katriji yake ya Pokémon mkononi, yaani kisanduku kidogo cha mchezo wa kukamata viumbe, kinachochomekwa kwenye Game Boy ya Nintendo. Walimfuata Mew, kiumbe namba 151, ambaye huwezi kumkuta popote ndani ya mchezo hata ukiuzunguka wote. Mchezaji aliyemaliza kila kitu alikwama kwenye 150. Pale dukani katriji iliunganishwa na mashine kwa muda mfupi, ikarudishwa kwa mwenyewe, na Mew akawa ameshaingia. Mashine ile ilipeleka nini hasa?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba ilimpeleka Mew mwenyewe: umbo lake, mlio wake, mapigo yake, vyote vikatoka kwenye mashine na kuingia kwenye mchezo ambao mpaka dakika ile haukuwa navyo. Watu wazima waliokulia Game Boy bado wanalisimulia hivyo, na inaeleweka. Leo gemu ya simu ikiongezewa mhusika mpya, kweli anashushwa kutoka intaneti, na bando lako linapungua. Tunaitazama miaka ya 1990 kwa mazoea haya ya sasa, tunadhani Game Boy ilifanya vivyo hivyo kupitia waya.

Kuna sababu nyingine iliyolipa jibu hilo nguvu. Watoto walimtafuta Mew kila pembe wasimpate. Uvumi ulioenea zaidi ulihusu lori lililoegeshwa karibu na meli ya S.S. Anne kwenye bandari ya Vermilion: ukilisukuma, Mew yuko chini yake. Lori lipo kweli, ila chini yake hamna kitu. Mtu akishasukuma lori, akishapekua mapango na visiwa, anahitimisha kwamba Mew hayumo kabisa ndani ya katriji, na kwamba mashine ndiyo iliyomleta. Hitimisho hilo si sahihi. Mew alikuwamo tangu siku katriji ilipotoka kiwandani, katika kila nakala iliyouzwa, ya aliyepanga foleni na ya asiyepanga.

Tuanze na katriji yenyewe. Ndani yake mna chipu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni ROM, na humo ndimo mchezo ulimo: ramani, picha, muziki, kanuni za mapigano. Yaliyomo huwekwa chipu inapotengenezwa, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuongeza wala kufuta hata herufi moja, awe na waya, awe na mashine, au awe Nintendo wenyewe. Ya pili ni RAM ndogo ya kilobaiti 32, inayotunzwa na betri bapa iliyo ndani ya katriji. Humo mchezo unaandika jina lako, fedha zako, beji zako na Pokémon ulio nao. Mashine ya kugawa ilikuwa na sehemu moja tu ya kuandika, nayo ni hiyo RAM.

Sasa tazama vipimo. Katika michezo ya kwanza, Pokémon mmoja aliye kwenye kikosi chako anachukua baiti 44. Ongeza baiti 11 za jina lake na 11 za jina la mwenyewe, unapata 66. Picha ya Mew peke yake haienei humo, achilia mbali mlio na mapigo. Hizo baiti 66 zina kazi gani basi?

Fikiria duka la fundi cherehani. Vitambaa, nyuzi, vifungo na daftari la mitindo vyote viko kwake. Wewe unakwenda na kikaratasi tu: mtindo namba fulani, kiuno kiasi hiki, mikono mirefu, jina la mwenye nguo. Fundi anakisoma, anafungua daftari kwenye namba uliyotaja, anakata, anashona. Kwenye kikaratasi hakuna uzi wala kitambaa, lakini bila kikaratasi hakuna nguo itakayoshonwa. Baiti 66 ni kikaratasi cha namna hiyo. Zinasema: kiumbe namba 21 (ndiyo namba ya Mew katika hesabu ya ndani ya mchezo, 151 ni ya kuonyeshwa mchezaji), kiwango cha 5, pigo hili, nguvu kiasi hiki, mmiliki fulani. Mchezo ukizisoma unakwenda kwenye ROM, unachukua umbo la namba 21, mlio wa namba 21, na Mew anasimama mbele yako.

Fundi huyohuyo anatuonyesha pia pale mashine ilipokwama. Ukimpelekea kikaratasi chenye namba isiyokuwamo kwenye daftari lake, hashoni kitu. Celebi, kiumbe mwingine wa matukio, alizaliwa na michezo ya Gold na Silver ya mwaka 1999, kwa hiyo hakuna mashine, hata ingekuwa na uwezo kiasi gani, ambayo ingeweza kumtia kwenye katriji ya Red, mmoja wa michezo ya kwanza.

Mashine ilikuwa na jukumu jingine lisiloonekana. Mchezo huhifadhi pia jumla ya kuhakiki, namba inayopatikana kwa kukokotoa baiti zote za eneo lililohifadhiwa. Ukiingiza Mew bila kuikokotoa upya, mchezo ukiwashwa unaona hesabu haiendi sawa na kutangaza kuwa faili imeharibika. Kumwandika Mew ni rahisi. Kuufanya mchezo ukubali ulichoandikiwa ndiko kulikohitaji uangalifu.

Mew aliingiaje kwenye ROM? Pokémon Red na Green zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Kazi ilipokaribia kwisha, zana za kusakia hitilafu ziliondolewa, na nafasi ya baiti 300 hivi ikabaki. Mtayarishaji programu Shigeki Morimoto akaitumia kumweka Mew, kwa siri, bila mpango wa kumtoa kwa umma. Baadaye mwaka huohuo jarida la watoto la CoroCoro lilitangaza bahati nasibu ya kumpata. Maombi yalifika takriban 78,000 kwa nafasi 20. Washindi walituma katriji zao kwa posta, wakaandikiwa Mew, zikarudishwa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kugawa hakikuwekwa dukani hata kidogo. Kilikuwa ofisini, na foleni yake ilikuwa ya bahasha.

Ushahidi kwamba Mew alikuwamo muda wote ulijitokeza miaka ya mwanzo ya 2000, na binafsi naona ndio sehemu tamu kuliko zote. Wachezaji waligundua hitilafu: unakaribia mpinzani mmoja kaskazini mwa mji wa Cerulean, na kabla hajakusimamisha unafungua menyu na kutoroka kwa pigo la Teleport. Kisha unapigana na kijana mwenye kiumbe aitwaye Slowpoke kwenye njia ya 25. Ukirudi, menyu inafunguka yenyewe, ukiifunga Mew anatokea, akiwa kiwango cha 7, bila mashine yoyote. Ni kwa sababu mchezo umechanganyikiwa, unasoma namba iliyobaki kwenye kumbukumbu kana kwamba ni namba ya kiumbe, na namba iliyobaki ni nguvu ya Special ya yule Slowpoke: 21. Slowpoke wa kijana wa njiani aliandika kikaratasi kilekile kilichokuwa kikiandikwa na mashine ya dukani.

Mfano wa pili unachukua miaka mingi zaidi. Toleo la Crystal la Japani lilikuwa na tukio la Celebi lililofunguliwa kwa mpira uitwao GS Ball, uliopatikana kupitia kifaa cha kuunganisha Game Boy na simu ya mkononi. Huduma hiyo haikutoka nje ya Japani, na hata huko ilifungwa Desemba 2002. Katika katriji za Kiingereza tukio hilo lilibaki ndani, limefungwa. Crystal ilipotolewa tena kwenye Nintendo 3DS tarehe 26 Januari 2018, likafunguliwa kwa wote.

Vifaa vilivyofuata nitavipitia haraka, maana wazo halikubadilika sana. Kwenye Game Boy Advance (GBA) wakati mwingine zilitolewa tiketi badala ya viumbe: AuroraTicket ilikupa ruhusa ya kupanda meli hadi kisiwa cha kiumbe Deoxys, kisiwa ambacho kilikuwa tayari kwenye ROM. Katriji za FireRed na LeafGreen ziliuzwa pamoja na kifaa cha mawasiliano bila waya, na kilitumika kupokelea tiketi hizo. Kwenye Nintendo DS, duka lilipewa katriji maalumu isiyo na mchezo wa kuchezwa. Iliwekwa kwenye DS ya duka, ikawashwa, ikaachwa itangaze hewani siku nzima. Ulikuja na DS yako, ukachagua Mystery Gift, kadi ya zawadi ikaingia, kisha ukamfuata mtu mwenye nguo za kijani kwenye duka la ndani ya mchezo akukabidhi. Hivyo ndivyo Toys R Us ilivyomgawa kiumbe Arceus Novemba 2009. Kadi nzima ilikuwa na baiti 856, na ndani yake Pokémon mwenyewe alichukua 236. Kikaratasi kilikuwa kimerefuka, kwa sababu fundi sasa aliuliza mengi zaidi.

Wakati mwingine kikaratasi hakikuandikwa kabisa. Katriji za DS za Diamond na Pearl zina filimbi iitwayo Azure Flute, ya kumfikia Arceus mahali pake penyewe. Filimbi imo kwenye ROM, mahali pamo, muziki umo. Haikugawiwa kamwe kwa michezo hiyo.

Kanuni hii haikushika kila mahali, na panapokosa kushika panafaa kutajwa. Kwenye GBA, zawadi nyingine zilikuja na maelekezo mafupi ambayo mchezo uliyafuata hatua kwa hatua, ingawa kila yalichokigusa kilikuwa ndani ya ROM. Aliyevunja kanuni kweli ni e-Reader, kifaa cha kusoma kadi za karatasi zenye nukta ndogo sana. Ukanda mrefu wa nukta hizo ulibeba kilobaiti 2.2 hivi, na kwa michezo ya Ruby na Sapphire kadi chache zilileta matunda mapya, kama Pumkin na Eggant, pamoja na jina, maelezo na picha ya tunda. Matunda hayo hayamo kwenye ROM. Mchezo ulitenga nafasi moja tu kwa ajili yake, hivyo ukisoma kadi nyingine tunda la kwanza linafutwa. Kati ya vifaa vyote nilivyovitaja, hapa ndipo kitu kigeni kilipoingia kweli kwenye katriji, nacho kilikuwa tunda.

Tofauti kati ya ROM na RAM ina uzito hata leo kwa aliyetunza katriji ya zamani. Betri ya Game Boy ikifa, kikaratasi kinafutika. Mew uliyepewa mwaka 1999 anapotea pamoja na jina lako, huku umbo lake likibaki kwenye ROM pasipo namna halali ya kumwita. Kubadilisha betri kwa kawaida nako kunafuta, kwa hiyo wanaothamini Mew wa matukio hunakili RAM kwanza kwa kifaa cha kusomea katriji, ndipo wafungue skrubu. Katriji za Ruby na Sapphire hazina tatizo hilo: zinahifadhi kwenye chipu ya flash, na betri yao inaendesha saa tu.