Kukaza Mpira wa Usukani Si Kuulinda

Wiki iliyopita nimekutana tena na mpira wa usukani uliokazwa, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, asubuhi, kabla sijanywa hata chai. Boti ya faiba, mashine ya kuning'inia nyuma HP 115, usukani wa haidroliki, yaani unaosukumwa na mafuta. Mipira yote miwili ya kupitisha mafuta imefungwa tai za nyaya, zile za plastiki, tangu ukuta wa tezi, nyuma ya boti, hadi karibu kabisa na silinda inayogeuza mashine. Nikazihesabu: 11. Mipira imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nahodha ananionyesha huku anatabasamu: "Fundi, safari hii haitikisiki. Ile ya mwanzo ilisagika kwa sababu ilikuwa inacheza."

Sikubishana. Nikamwomba apande, azungushe usukani kushoto hadi ugome, kisha ainue mashine. Tai mbili zikakatika hapo hapo, pa, pa. Ya tatu haikukatika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ilizama kwenye mpira.

Hii imani ya kwamba mpira usiotikisika ndio mpira salama nimeisikia Kibirizi, nimeisikia Ujiji, na juzi nimeisikia kwa kijana aliyejifunza ufundi kwangu. Ndiyo maana naandika.

Haidroliki yenyewe sitaieleza tangu mwanzo. Ukizungusha usukani, pampu inasukuma mafuta mpira mmoja, silinda inasogea, mafuta ya upande wa pili yanarudi. Kulia na kushoto zinapokezana presha. Mpira mmoja ukipasuka usukani wote umekwenda, hakuna cha nusu.

Sasa kinachosahaulika. Kwenye silinda hizi zinazofungwa mbele ya mashine, fimbo ndiyo imeshikwa. Kinachotembea ni mwili wa silinda, na mipira imefungwa kwenye huo mwili. Kwa hiyo ncha ya mpira inasafiri. Zungusha kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, uone imetembea karibu sentimita 20. Halafu inua mashine: mguu unatoka majini, kichwa kinalala kuelekea ndani ya boti, na silinda inabingirika nacho. Mpira umevutwa kwa upande na umepindwa kwa mkupuo mmoja. Ukiwa umeufunga pale, kitu fulani lazima kiachie. Ikiwa bahati ni yako, ni tai. Ikiwa si yako, ni shingo ya mpira, pale unapoingia kwenye nati, na hapo hutaona kitu mpaka siku mafuta yaanze kutoka.

Piga hesabu ndogo. Miezi ya kusi, mawimbi yakija ya ubavuni, nahodha anarekebisha usukani pengine kila baada ya sekunde tano. Kwa saa moja ni mara 720. Kwenda Mahale ni zaidi ya kilomita 120 kutoka Kigoma mjini, tuseme saa nne kwa boti yenye mbio. Ni karibu mara 3,000 mpira umekwenda na kurudi, na bado hujageuza kurudi nyumbani. Kitu kinachotembea mara 3,000 kwa siku huwezi kukizuia kisitembee. Unachoweza ni kukipangia njia yake.

Ndani ya boti, chini ya ukingo, funga utakavyo, maana huko hakuna kinachosogea. Ila hata huko tai isiunyonge mpira. Ukiuvuta, uteleze ndani ya tai. Kifungo cha mwisho kiwe kwenye ukuta wa tezi. Kuanzia hapo hadi kwenye silinda hakuna kufunga chochote. Acha kitanzi.

Na hapa ndipo wanaoniamini nao wananiudhi. Mtu akisikia "acha kitanzi" anaacha kitanzi cha kumfungia ng'ombe. Kitanzi kikizidi kinalala kwenye kile kibeseni mbele ya mashine, na siku ukiinua mashine, kichwa kinashuka na kuubana mpira kama mlango unavyobana kidole. Nimetoa mpira uliobapa hivyo. Ukishabapa au kuvunjika mkunjo hauponi kwa kunyooshwa, utafanya kazi wiki tatu ukudanganye. Urefu sahihi haupatikani kwa kukisia ukiwa umesimama ufukweni. Unapatikana kwa pembe nne: mashine chini, usukani mwisho kushoto; mashine chini, usukani mwisho kulia; mashine juu kabisa, kushoto; mashine juu kabisa, kulia. Katika kila pembe shuka, inama, weka jicho na mkono, mashine ikiwa imezimwa. Mpira haujavutika? Haujabanwa? Haugusi ncha yoyote? Pembe mbili hazitoshi. Walio wengi wanajaribu kushoto na kulia mashine ikiwa majini, wanalipwa, wanaondoka. Kumbe kwetu boti inavutwa mchangani kila jioni na mashine inalala juu usiku kucha.

Kwa mkunjo, mimi natembea na sahani ndogo ya chai. Mpira ukipinda kwa kubana kuliko duara la ile sahani, nautafutia njia nyingine. Wanaonicheka wacheke.

Tundu la kupitia ukutani lazima liwe na raba. Faiba iliyokatwa ina makali ya msasa, na mpira hauwezi kushindana na msasa. Mipira ya usukani isifungwe pamoja na mpira wa petroli wala waya wa betri. Hilo sihitaji kulieleza kwa mtu mwenye akili zake.

Kuna hawa wanaochana bomba la kumwagilia bustani na kulivisha juu ya mpira. Sitawasema sana kwa sababu na mimi nilifanya hivyo kwa miaka. Linazuia jua, linazuia makwaruzo ya nje, na linavutia machoni. Tatizo ni mchanga. Boti ikivutwa Kibirizi, mchanga unaingia ndani ya lile bomba na hautoki, maji nayo yanabaki. Kila mpira ukisogea, mchanga unausaga taratibu, na wewe unatazama bomba la kijani ukidhani mambo ni shwari. Siku hizi natumia plastiki ya kujiviringisha, ile yenye nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Maji yanapita, mchanga unaoshwa kwa ndoo moja, na mpira unauona. Je, inalinda sawasawa na bomba? Kwa jua, hapana. Nimeamua kuona kidonda ni bora kuliko kukifunika, ila siapi kwamba niko sahihi.

Na jua si jambo dogo. "Ziwa letu halina chumvi, fundi, vitu havili." Chumvi haina, kweli. Lakini jua haliulizi chumvi. Uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kuna boti zilikaa mchangani miezi mitatu, mashine juu, usukani umeachwa mwisho wa upande mmoja, mpira umevutika juani. Kwa aliyefunga tai kila hatua, miezi hiyo ilimharibia zaidi ya msimu mzima wa kazi. Ukipaki, rudisha usukani katikati na funika mashine. Dakika moja.

Mpira ukipasuka, usiniletee mpira wa gesi ya jiko na klipu mbili. Ule umetengenezwa kwa presha ya kuchemshia maharage. Usukani wa haidroliki, nahodha akiukaza mwishoni, unatoa presha inayong'oa klipu. Na usiongeze mafuta ya breki, yanakula sili, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje. Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mafuta ya usukani ndivyo yanavyofanya, kwa hiyo ukiona maji ya ngama, chini kabisa ndani ya boti, yanang'aa rangi rangi, usisingizie petroli kwanza.

Linalonisumbua ni mipira ya tipa. Mjini wapo wanaokata na kukandamiza nati za mipira ya malori, ya raba yenye nyuzi za chuma. Presha inabeba, hilo halina ubishi. Lakini ni mgumu kupinda, na ganda likichubuka, chuma kinaanza kutu kwa ndani. Nimeufunga mara mbili kwa watu waliokwama, nikawaambia ni wa kuwafikisha tu. Mmoja bado anautumia. Kila nikimwona anaondoka mwalo naangalia tezi yake.

Yule wa wiki iliyopita nilimkatia tai zilizobaki, nikabadilisha mpira ulioumia, nikatoa upepo ulioingia kwenye mafuta, nikapima pembe nne naye akishuhudia. Kitanzi kikapanda, kikashuka, hakikugusa kitu. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Fundi, hapa hujamaliza."

Nikamwambia nimemaliza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa tai.

"Hata moja tu? Ya katikati?"