Ulipita njia gani kurudi nyumbani?

Podikasti yangu ya mahojiano inaanza Ijumaa hii, na kila mtu hapa Lubumbashi ananiuliza eti mikro gani, programu gani. Mikro tutafika. Miaka mingi nimekaa studio nikikata sauti za watu, na mtu akija redioni anasema kile anachofikiri redio inataka. Mi natafuta ile anayowaza usiku usingizi ukikataa.

Nimeanza na bazee wa Gécamines, ile kampuni ya serikali ya madini. Mnakumbuka 2003, mishahara imekwama miezi na miezi, halafu ikaja ile Départ Volontaire, yaani kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapewa hesabu ya mwisho wakaenda. Hiyo imeandikwa sana. Ila kuna watoto wakubwa kabisa, wana watoto wao, na hawajui hata leo baba aliingiaje nyumbani siku ile, alimwambia mama nini.

Papa mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, nilienda kwake mara tatu bila mashini ya kurekodi. Chai tu, tunaongea mambo ya mpira. Mara ya nne ndo nikatoa mikro, na sikumuuliza alijisikia vipi, maana ukimuuliza mzee hivyo atakujibu "ilikuwa ngumu, lakini Mungu yupo" na mlango umefungwa. Nikamuuliza, papa, siku ile ulipita njia gani kurudi nyumbani? Akaanza na barabara, akafika kwa duka aliposimama, akanyamaza. Hapo ndo kazi yenyewe! Usimsaidie, usiseme "mmh", hesabu kumi kimoyomoyo. Nilifika saba akasema, "Mwana, ile mambo sikuisemaka hata kwa bibi yangu," yaani mke wake.

Sasa vyombo, haraka haraka. Chumba cha kulala kinashinda sebule, godoro na mapazia yanameza mwangwi. Mikro iwe kiganja kimoja toka mdomoni, simu zote ziwe hali ya ndege, friji izimwe (na ukimaliza uiwashe, chakula cha watu hicho). Masika usipange mchana, mvua ikipiga bati hakuna programu ya kuiondoa. Na rekodi dakika moja ya chumba kitupu, itakusaidia kuziba pale utakapokata. Mwisho toa faili ya mono, yaani sauti ya njia moja, kilobiti 64 kwa sekunde, nusu saa inakuwa kama mega 14, ukiweka 128 inafika karibu 29, na wasikilizaji wangu wananunua mega kidogo kidogo, kwa hiyo naona ni heshima kuwapunguzia.

Kuna sheria moja siivunji, mgeni anasikiliza kwanza, peke yake, na akisema toa natoa, hata kama ni pale penye uzito kuliko kote, hata akikataa kipindi kizima. Watu wa redio wananigombeza kwa hilo. Lakini mtu amekupa kitu alichokificha zaidi ya miaka 20, ni chake bado, na jirani zake watamsikia kesho.

Papa wa Katuba alisikiliza na ekuta (vile visikilizi) masikioni, macho chini, dakika zote 31. Akaniomba nitoe jina la mkubwa wake wa kazi, basi. Halafu akaita binti yake atoke jikoni, akavua ekuta moja akampa.