Nani anamlipa mwamuzi? Dhana potofu kuhusu gharama za migogoro ya malipo ya ujenzi

Mkandarasi wa Masasi au Ruangwa akikaa miezi bila kulipwa hati yake ya malipo, yaani karatasi inayothibitisha kazi aliyofanya na kiasi anachostahili, hakosi mtu wa kumwambia: "Nenda kwa mwamuzi, wenye mradi ndio watakaolipa kila kitu." Nusu ya ushauri huo ni mzuri. Mwamuzi, yaani mtu aliyewekwa na mkataba kuamua ubishi kati ya pande zake, huamua upesi kuliko mahakama, na mikataba mingi ya ujenzi inampa mkandarasi nafasi ya kumwendea. Hiyo nusu ya pili, ya "watakaolipa kila kitu", ndiyo inayoniuma, kwa sababu anayeiamini mara nyingi ni mkandarasi mdogo aliyekopa saruji na nondo dukani akitegemea malipo ya kazi ile ile.

"Anayeshindwa ndiye anayemlipa mwamuzi"

Dhana hii imetoka mahakamani. Kwenye kesi ya madai, kawaida aliyeshindwa hubeba gharama za mwenzake, isipokuwa mahakama iamue vingine. Watu wamedhani kwa mwamuzi mambo ni yale yale.

Sivyo. Hati za zabuni za Benki ya Dunia kwa kazi ndogo za ujenzi, ambazo mfano wake umefuatwa na mikataba mingi hapa Tanzania, zinasema mwamuzi alipwe kwa saa, kwa kiwango kilichotajwa kwenye masharti maalumu ya mkataba. Juu yake zinaongezwa gharama zake za safari na nyingine zilizotajwa humo. Jumla yote inagawanywa nusu kwa nusu kati ya mshitiri (mwenye mradi) na mkandarasi, uamuzi uwe umemwangukia nani.

Tupige hesabu ya mfano. Mkandarasi anadai shilingi milioni 36 za madarasa aliyojenga Nachingwea. Kiwango cha mwamuzi ni shilingi 150,000 kwa saa, na ametumia saa 40 kusoma nyaraka, kusikiliza pande mbili na kuandika uamuzi. Hizo ni milioni 6. Safari na malazi vimekula milioni 1.2. Jumla ni milioni 7.2. Mkandarasi ameshinda dai lote, hakukatwa hata senti, na bado anatoa milioni 3.6, sehemu moja ya kumi ya alichokuwa akidai. Sasa fikiria dai lingekuwa milioni 8 na mwamuzi akatumia saa zile zile. Nusu ya mkandarasi ingekuwa bado milioni 3.6, karibu nusu ya dai zima!

Namsihi kila mkandarasi afanye hesabu hii kabla hajaandika barua ya kuita mwamuzi. Kwa dai dogo, siku moja ya kupima kazi upya pale saiti, mkadiriaji majenzi (mtaalamu wa vipimo na gharama) wako na wa mshitiri wakishika futi pamoja na kusaini vipimo, inaweza kukuachia fedha nyingi zaidi mfukoni.

Ukisoma mambo ya nje utakuta mipango tofauti. Malaysia, kwa sheria yao ya 2012, gharama humfuata aliyeshindwa, ingawa mwanzoni pande zote mbili huweka amana ya ada sawa kwa sawa. New South Wales ya Australia, kwa sheria ya 1999, ada ni nusu kwa nusu lakini mwamuzi anaweza kuigawa vingine. Huko ni sheria ya Bunge inayosema. Huku kwetu, cha kufungua kwanza ni mkataba wako mwenyewe.

"Nikishinda, ya wakili inarudi"

Zile milioni 3.6 ni za mwamuzi peke yake. Wakili, mtaalamu wa kuandaa dai, kudurufu nyaraka na nauli za mashahidi ni mzigo wa kila upande, labda mkataba useme vingine.

Kinachoweza kurudi, na watu wanakisahau, ni riba ya kucheleweshewa. Kwenye mikataba ya mfano huo wa Benki ya Dunia, mshitiri ana siku 28 za kulipa tangu tarehe ya kila hati ya malipo. Zikipita, anadaiwa riba kwa kiwango kilichotajwa. Nimeona madai yenye kurasa nyingi za kulalamikia ada ya wakili, na riba haikutajwa hata mstari mmoja. Riba imeandikwa kwenye mkataba. Idai hati kwa hati, siku kwa siku.

Na kama umepewa kipande cha kazi na kampuni kubwa, tuseme makalvati ya barabara, soma mkataba mdogo wanaokupa usaini kwa jicho kali zaidi. Uingereza vilikuwapo vifungu vilivyomtaka anayeanzisha shauri alipe gharama zote za pande mbili, ashinde ashindwe. Mahakama ilikikubali kifungu cha namna hiyo mwaka 2000, katika kesi ya Bridgeway dhidi ya Tolent, hadi sheria ikabadilishwa na kuvibana kuanzia Oktoba 2011. Mtu anaweza kuandika kifungu kama hicho kwenye mkataba wa Kiswahili wa kurasa tatu, na ukakisaini huku akili iko kwenye malipo ya awali. Fundi aliyepatana kwa mdomo tu, yeye hana hata kifungu cha kumfikisha kwa mwamuzi.

"Bili ya mwamuzi sina uwezo nayo"

Unao, na pengine kuliko unavyodhani. Mwamuzi analipwa kwa saa, kwa hiyo kila saa anayotumia kutafuta karatasi yako, wewe unailipia nusu.

Niliwahi kufungua faili la dai la mkandarasi mmoja. Ndani mlikuwa na hati mbili zenye namba moja na kiasi tofauti. Daftari la saiti lilinyeshewa, wino umesambaa kurasa za wiki ambayo zege ilisimamishwa. Picha za msingi zilichapwa kutoka kwenye simu, hazina tarehe wala hazisemi ni chumba kipi. Maelekezo ya msimamizi wa mradi ya kuongeza kina cha msingi yalikuwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kazi ilikuwa imefanyika kweli, hilo sina shaka nalo, lakini kuithibitisha kungekula siku nzima ya mtu anayelipwa kwa saa. Faili lenye hati zilizopangwa kwa tarehe, barua ya kila ongezeko la kazi, vipimo vilivyosainiwa na ukurasa mmoja wa muhtasari wa dai linasomwa asubuhi moja.

Safari nayo ni fedha. Mwamuzi akitoka Dar es Salaam kuja Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na tuliona Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini upande wa Kilwa, jinsi safari ya kawaida inavyoweza kugeuka ya siku kadhaa. Kama ubishi ni wa hesabu tu na wala si wa ubora wa ukuta, pande mbili zinaweza kumwomba aamue kwa nyaraka au kwa kikao cha video. Asifungishwe safari ya saiti kwa mazoea tu.

"Nisipotoa nusu yangu, shauri linakufa"

Linaweza kukwama, ila anayeumia ni yule anayesubiri fedha. Chini ya kanuni za 1999 za FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, zinazotumika kwenye miradi mikubwa, mkandarasi ndiye anayeanza kulipa ankara yote ya bodi ya uamuzi (jopo linalofanya kazi ya mwamuzi) ndani ya siku 56, kisha anaidai nusu kwa mshitiri kupitia madai yake ya malipo. Wengi hawalijui hili hadi ankara ifike. Asipolipa, mshitiri anatakiwa amlipe mjumbe wa bodi na ana haki ya kurudishiwa kilichozidi nusu yake, pamoja na gharama za kukifuatilia. Na zikipita siku 70 mjumbe hajalipwa, anaweza kusimamisha kazi au kujiuzulu.

Kutoridhika na uamuzi nako hakufuti ada. Kwenye mikataba ile ya kazi ndogo, asiyeridhika ana siku 28 kulipeleka suala kwa msuluhishi, ngazi inayofuata baada ya mwamuzi. Akizipitisha, uamuzi unakuwa wa mwisho. Ada ya mwamuzi inadaiwa katika hali zote mbili.

"Haya tutayajua mgogoro ukija"

Hapana, yajue wakati wa zabuni. Fungua masharti maalumu na utafute mambo matatu: jina la mwamuzi, kiwango chake kwa saa, na chombo kitakachomteua msipoelewana, ambacho mara nyingi huandikwa Baraza la Taifa la Ujenzi. Ukikuta nafasi ya kiwango imeachwa wazi, omba ufafanuzi kwa maandishi kabla ya kuwasilisha bei. Nafasi hiyo ikibaki wazi hadi mgogoro, mtalazimika kupatana kiwango cha saa wakati hamsalimiani, na duka la vifaa linakupigia simu kila asubuhi.